Mitume Hawakuwa Wajinga

Kuna aya moja ya Biblia ambayo hapa Kenya imefanyishwa kazi kama punda wa maji. Ni Matendo ya Mitume, sura ya 4, aya ya 13. Petro na Yohana wamemponya kiwete pale hekaluni Yerusalemu, wamekamatwa, wamelala korokoroni, na asubuhi wanasimamishwa mbele ya wakuu wa Wayahudi. Wanaulizwa wamefanya hayo kwa nguvu gani. Petro anajibu bila kutetemeka. Wakuu wanaangaliana. Hawa si watu waliopitia shule zetu, ni raia wa kawaida tu, mbona wanasema hivi? Halafu wanatambua: kumbe hawa walikuwa na Yesu.

Hadithi yenyewe ndiyo hiyo, haina utata. Lakini nenda leo kwenye hema lolote la mkutano wa injili, au washa redio saa kumi na moja asubuhi, uone kilichojengwa juu yake. "Mitume hawakusoma!" mhubiri anapaaza sauti, na spika zinaitikia kabla ya watu. Petro alikuwa mvuvi tu. Yohana alikuwa mvuvi tu. Hawakuwa na digrii wala diploma, na bado walitikisa ulimwengu. Kwa hivyo ukisikia mtu anauliza mhubiri huyu alifunzwa wapi na nani, jua huyo ana roho ya Mafarisayo. Elimu ni ya kichwa, sisi tunataka ya roho. Amina? Amina.

Mimi nafundisha somo la Dini ya Kikristo katika shule ya upili, na ni muumini wa kanisa ambalo silitaji hapa maana halijanituma. Naandika kusema jambo moja: aya hiyo inasomwa kinyume. Na haisomwi kinyume kwa bahati mbaya. Kuna watu wanaofaidika ikisomwa hivyo, na kuna watu wanaoumia, na baadhi ya hao wanaoumia nakula nao Krismasi.

Tuanze na maneno yenyewe. Luka aliandika kwa Kigiriki, na hapo alitumia maneno mawili. La kwanza ni agrammatoi: watu wasio na maandishi, yaani ama hawajui kuandika, ama hawakusomea sheria kwa walimu wakubwa. La pili ni idiotai. Hili ndilo neno ambalo Kiingereza kililiokota baadaye kikaligeuza tusi, lakini katika Kigiriki cha Luka maana yake ni mtu wa kawaida, asiye na cheo, asiye mtaalamu wa jambo linalozungumziwa. Mwananchi, tungesema leo. Ndivyo seremala alivyo mtu wa kawaida mbele ya jopo la majaji, na ndivyo jaji naye alivyo mtu wa kawaida mbele ya gari lililozimika njiani.

Sasa uliza: ni nani aliyewaona hivyo? Si Yesu. Si kanisa. Ni wale wale wakuu waliowaweka ndani. Luka anatusimulia walichokiona wao. Tangu lini maoni ya mshtaki yakawa cheti cha mshtakiwa?

Tena kilichowashangaza si ujinga. Mjinga hashangazi mtu. Kilichowashangaza ni kwamba watu hao walizungumza kama waliofunzwa. Aya mbili tu kabla ya hapo, Petro amechukua picha ya jiwe lililotupwa na waashi, kutoka Zaburi ya 118, akawarudishia waashi wenyewe usoni. Siku ya Pentekoste, sura mbili nyuma, alihubiri akipitia kitabu cha Yoeli, Zaburi ya 16 na Zaburi ya 110, akazifungamanisha: Daudi alikufa, kaburi lake liko hapa hapa mjini, kwa hivyo alipoandika habari za asiyeachwa kaburini hakuwa akijizungumzia mwenyewe. Hiyo ni hoja, bwana. Ina msingi, ina ushahidi, ina hitimisho. Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne akiniandikia hivyo nampa alama zote na kumwita mbele ya darasa.

Aliipata wapi hoja hiyo? Aya yenyewe inajibu, ila wahubiri wetu huikata kabla ya kufika mwisho: walikuwa na Yesu. Na kuwa na Yesu hakukuwa kupiga picha naye. Injili ya Yohana inataja Pasaka tatu katika huduma yake, ndiyo maana tumezoea kuhesabu kama miaka mitatu. Walitembea naye, walikula naye, waliuliza maswali ya ajabu wakasahihishwa, walitumwa wawili wawili kufanya mazoezi wakarudi kutoa ripoti. Walimwita Rabi, yaani Mwalimu. Hata baada ya ufufuo, Luka anasema alikuwa nao siku 40 akiwaeleza habari za ufalme wa Mungu. Darasa halikufungwa hata kwa kifo.

Na hapa Kiswahili chetu kinasema wazi kuliko lugha nyingi. Kabla ya kuitwa mitume, wale kumi na wawili waliitwa wanafunzi. Ni neno lile lile tunalomwitia mtoto wa sare na begi anayekimbilia kengele ya asubuhi. Mwanafunzi kwanza, mtume baadaye. Wetu wameruka darasa wakaingia moja kwa moja kwenye cheo.

Najua jibu litakalokuja, maana nimelisikia mara nyingi. "Lakini mwalimu, Paulo si aliikemea hekima ya dunia?" Ni swali la haki, na aliyeliuliza amesoma Biblia yake kuliko wengi. Ndiyo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura za mwanzo, Paulo anaichapa hekima ya kibinadamu viboko vya kutosha. Lakini hebu tuangalie viboko vilimwangukia nani. Korintho ulikuwa mji wa biashara, wenye bandari mbili, na watu wake walipenda wasemaji hodari kama sisi tunavyopenda mpira. Kanisani kukazuka makundi: huyu ni wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa. Yaani washabiki. Hekima anayoipiga Paulo ni hiyo ya kujivunia msemaji, ya kulinganisha midomo, ya kumgeuza mhubiri kuwa timu. Sasa tembea barabarani uangalie vibandiko kwenye magari: picha ya Mtume na Mama Mtume, suti imenyooka, na maandishi chini kwamba mwenye gari ni mwana wa Mtume Fulani. Sura zile ziliandikwa kuhusu vibandiko hivi. Anayezitumia kumkinga Mtume wake asiulizwe maswali anajikata kwa kisu chake mwenyewe.

Na Paulo haishii hapo. Katika sura ya 2 anasema iko hekima ambayo wao huizungumza wakiwa na waliokomaa. Hakuitupa hekima, alitupa majigambo. Huyu ni mtu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe katika Matendo, alifunzwa miguuni pa Gamalieli, mwalimu wa sheria aliyeheshimiwa na watu wote. Alipofika Athene alisimama pale Areopago akawanukulia Wagiriki washairi wao. Huwezi kumnukuu mshairi ambaye hujamsoma.

Tufuate basi jinsi neno hekima linavyotembea na neno mtume ndani ya Agano Jipya, tuone kama ni maadui. Katika Luka sura ya 11, Yesu anasema ni Hekima ya Mungu iliyotangaza kwamba itatuma manabii na mitume. Tulia hapo kidogo. Anayewatuma mitume ni Hekima. Mathayo, akisimulia maneno hayo kwa namna yake katika sura ya 23, anaorodhesha wanaotumwa: manabii, wenye hekima, na waandishi. Waandishi! Watu wa kalamu na karatasi, wale ambao kila Jumapili tunaambiwa Yesu hakuwataka.

Nenda Matendo sura ya 6. Kanisa la kwanza kabisa linapata mgogoro wake wa kwanza mkubwa wa kiutawala. Wajane wa upande wa wasemao Kigiriki wanarukwa katika mgawo wa chakula cha kila siku. Mitume hawakuitisha kesha la kukemea pepo wa mgawanyiko. Waliwaambia watu wachague wanaume saba wanaosifika, waliojaa Roho na hekima. Vyote viwili kwa pamoja. Hakuna aliyeambiwa achague kimoja. Kugawa chakula bila kumpunja mjane kunahitaji Roho, ndiyo, lakini kunahitaji pia mtu anayejua hesabu na anayeweza kuonyesha daftari.

Yakobo naye anafundisha kwamba aliyepungukiwa na hekima amwombe Mungu, kisha katika sura ya 3 anatoa kipimo cha kuitambua ile inayotoka juu: ni ya amani, ni pole, haina upendeleo wala unafiki, na tena inakubali kuelezwa. Hapo kwenye kukubali kuelezwa ndipo nataka tukae. Niambie, katika Mitume wote ambao nyuso zao ziko kwenye mabango kutoka stendi ya mabasi hadi mzunguko wa barabara kuu, ni yupi anayekubali kuelezwa? Ni yupi ambaye muumini anaweza kumwendea baada ya ibada akamwambia, baba, hapo kwenye Malaki sijakuelewa, na akatoka bila laana?

Halafu kuna Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 3. Unasema Paulo aliandika kwa hekima aliyojaliwa, unakiri kwamba nyaraka zake zina mambo magumu, na unaonya kwamba watu ambao hawajafundishwa huyapindua wakajiletea maangamizi. Petro huyo huyo! Mvuvi, shujaa wa "hawakusoma", waraka wenye jina lake ndio unaoonya kwamba Maandiko mikononi mwa asiyefundishwa ni panga mikononi mwa mtoto. Najua wataalamu wengi wanasema si Petro aliyeuandika kwa mkono wake. Sawa. Basi uone jambo kubwa zaidi: kanisa la mwanzo lilipotaka kumsemesha Petro, lilimpa maneno hayo. Ndivyo lilivyomkumbuka.

Tugeukie cheo chenyewe. Mtume. Neno limetoka kwenye kutuma, kama apostolos ya Kigiriki ilivyotoka kwenye kitenzi chenye maana hiyo hiyo. Mtoto anayetumwa dukani kununua chumvi anafanya kazi ya mzizi huo. Mtumwa naye, yule asiye na chake, ametoka humo humo. Mtume ni mtu wa kutumwa: ana ujumbe ambao si wake, ana bwana ambaye si yeye, na atarudi kuulizwa alifikisha nini. Waswahili wakasema mjumbe hauawi, kwa sababu mjumbe hana neno lake mwenyewe la kuulia mtu. Sasa huyu wetu wa walinzi wanne na msafara wa magari, anayeingia kanisani watu wakiwa wamesimama na kinanda kinalia, ametumwa na nani kumletea nani chumvi?

Kanisa la kale lililiona tatizo hili mapema sana, na likaliwekea kanuni. Kuna kijitabu kiitwacho Didake, maana yake Mafundisho, ambacho katika kichwa chake kirefu kinajitambulisha kuwa ni mafundisho ya Bwana kupitia mitume kumi na wawili. Wataalamu wengi wanakiweka mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa karne ya pili. Kilipotea kwa karne nyingi, mpaka askofu Mgiriki aitwaye Philotheos Bryennios alipokuta nakala yake Konstantinopoli mwaka 1873, akaichapisha 1883. Wakati kinaandikwa, bado kulikuwa na watu wakizunguka kijiji hadi kijiji wakijiita mitume, na makanisa madogo yalihitaji kujua nani ni wa kweli.

Sikiliza kipimo chao katika sura ya 11. Mtume akija, mpokeeni vizuri kama mnavyompokea Bwana. Akae siku moja. Ikibidi, mbili. Akikaa tatu, huyo ni nabii wa uongo. Akiondoka, mpeni mkate wa kumfikisha mahali atakapolala, basi. Akiomba pesa, ni nabii wa uongo. Na kuna kifungu kinachonichekesha kila nikikisoma: nabii akiagiza meza ya chakula akisema ni roho imesema, halafu akaketi akala yeye mwenyewe, huyo pia mumjue. Anayesema kwa roho apewe fedha asisikilizwe, isipokuwa kama anawaombea wengine wenye shida.

Hebu weka kipimo hicho kando ya bango lenye nambari ya M-Pesa chini ya picha. Kando ya mbegu ya shilingi elfu tano, mbegu ya elfu kumi, na ile mbegu ya pekee ya wale ambao Mungu amewanong'onezea laki. Wangapi wangepita? Wakristo wale wa zamani, ambao wengi wao hawakujua kusoma, walikuwa na hekima ya kuhesabu siku tatu. Sisi tuna Biblia kwenye simu na tumeshindwa kuhesabu.

Nimesema kuna wanaoumia. Shangazi yangu aliuza mboga sokoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Ana ugonjwa wa presha, na alikuwa akimeza vidonge vyake kila siku kama alivyoelekezwa kliniki. Mtume mmoja akaja mjini kwao kwa mkutano wa siku tatu. Siku ya mwisho akafundisha kwamba daktari ni hekima ya dunia, na kwamba mwenye imani hawezi kutumikia vidonge na Mungu kwa pamoja. Karai likapitishwa. Watu wakatia dawa zao humo: za presha, za sukari, na nyingine ambazo hakuna aliyetaka kuuliza ni za nini. Shangazi alitia zake. Wiki chache baadaye akapatwa na kiharusi akiwa kwenye kibanda chake. Mkono wake wa kulia sasa haushiki kisu cha kukatia sukuma wiki, na akiongea inabidi umsogelee. Watu wa Mtume walipopigiwa simu walisema imani yake ilikuwa na ufa.

Sasa niulize, hii imani ya karai imetoka wapi? Haikutoka kwa mitume. Paulo, akiwataja wenzake mwishoni mwa Waraka kwa Wakolosai, anamwita Luka tabibu mpendwa. Tabibu! Huyo Luka ambaye mapokeo ya kanisa yanasema ndiye aliyeandika Matendo, kitabu chenye aya yetu ya 4:13. Kwa hivyo aya inayotumiwa kuwafukuza madaktari, kwa mapokeo ya kanisa lenyewe, iliandikwa na daktari. Timotheo aliyekuwa akiugua ugua anashauriwa katika waraka wa kwanza atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakuambiwa imani yake ina ufa.

Na kuna kitabu cha Yoshua bin Sira, cha hekima ya Kiyahudi, ambacho Wakatoliki na Waorthodoksi wanacho katika Biblia zao, na hata Biblia ya King James ya 1611 ilikichapa katikati ya maagano mawili. Sura ya 38 inafundisha kwamba tabibu aheshimiwe kwa kuwa naye ni wa Mungu, kwamba dawa Mungu amezitoa ardhini, na mtu mwenye akili hazidharau. Mgonjwa anahimizwa aombe, kisha ampishe tabibu afanye kazi yake. Sala na dawa, kitanda kimoja. Hiyo ndiyo hekima ya Maandiko. Ya karai ni ya nani?

Watu wakisikia haya huniambia ninaleta mambo ya wazungu, kwamba elimu ya dini ni ya wamisheni na sisi Waafrika ni watu wa roho. Hapo ndipo nakasirika kabisa, maana ni uongo juu ya nyanya zetu. Kikuyuni, Wakristo wa kwanza waliitwa athomi, yaani wasomaji. Uganda waliitwa abasomi, wasomaji vile vile. Hilo ndilo lilikuwa jina la mtu aliyeongoka: msomaji. Mama mtu mzima, mwenye wajukuu, aliketi chini ya mti na watoto wadogo kukariri herufi ili aweze kuisoma Injili ya Marko kwa macho yake, asisomewe. Alijua, bila kuambiwa na profesa, kwamba asiyejisomea atasomewa anachotaka msomaji.

Na mgogoro wa 1929 juu ya tohara ya wasichana ulipowatenga Wakikuyu wengi na misheni, waliotoka hawakusema sasa tumekuwa huru, tuache vitabu. Walijenga shule zao wenyewe, kwa mawe yao na michango yao, na kanisa la kujitegemea likakua bega kwa bega na shule hizo. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha ualimu Githunguri. Waliwakataa wamisheni wakaishika elimu. Hawa wetu wa leo wamefanya kinyume: wameikataa elimu, na mtindo wa mahubiri, suti, hata lafudhi wameagiza kutoka runinga za Marekani. Nani hapo ndiye anayeleta mambo ya wazungu?

Tena tusidanganyane. Wanaodharau shule ndio hao hao wanaojiita Daktari. Angalia mabango vizuri: Mtume Daktari, Askofu Daktari, Nabii Profesa. Kama elimu ni ya Mafarisayo, hiyo "Dkt." inatafuta nini mbele ya jina? Wanajua thamani ya elimu vizuri sana. Wanachokataa ni wewe uwe nayo.

Januari 2016, Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alileta rasimu ya kanuni ambazo, pamoja na mambo mengine, zilitaka viongozi wa dini wawe na mafunzo ya theolojia kutoka taasisi inayotambulika. Makanisa makubwa kwa madogo yalipinga, na rasimu ikarudishwa. Kuna waliopinga kwa sababu nzito: serikali ikianza kuamua nani ahubiri, kesho itaamua ahubiri nini, na sisi tunaijua serikali yetu. Hao nawaelewa, hata nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Lakini katika kelele zile nilisikia pia ile aya yetu. Mitume hawakuwa na vyeti! Wala hakuna aliyesimama baada ya hapo kusema, sawa, serikali ikae kando, sisi wenyewe tutahakikisha walimu wetu wamefunzwa. Tulishinda kesi tukaenda kulala.

Miaka saba baadaye, 2023, ardhi ya Shakahola kule kaunti ya Kilifi ikaanza kufukuliwa. Miili ilipita 400. Waendesha mashtaka wanasema watu wale waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kesi iko mahakamani, na mahakama itasema lake. Lakini kila Mkenya alisikia kwamba kabla ya njaa kulikuwa na mafundisho dhidi ya shule na dhidi ya hospitali. Mpangilio huo haukunishangaza. Kwanza mtu huondolewa daftari, kisha huondolewa dawa. Baada ya hapo unaweza kumwondolea sahani.

Sisemi cheti kitatuokoa. Kuna wenye shahada za theolojia walionyang'anya wajane mashamba, na kuna wazee wa kanisa kule vijijini, darasa la nne tu, ambao ningewakabidhi roho yangu leo. Hao wazee hawajawahi kumwambia mtu "sikusoma" kwa kujisifu. Wanasema kwa huzuni, kisha wanatafuta mjukuu awasomee tena. Tofauti iko hapo. Mtu ambaye hakupata shule si mjinga. Mjinga ni yule anayekuamuru usiulize.

Ninachotaka si kigumu. Matendo sura ya 17 inawasifu watu wa Beroya kwa sababu walipomsikia Paulo walikwenda kila siku kuyachunguza Maandiko waone kama alichosema ni kweli. Walimkagua Paulo! Na hakuna aliyewaambia wamemgusa mpakwa mafuta. Wagalatia sura ya 2 inasimulia Paulo alivyompinga Petro uso kwa uso pale Antiokia, mbele za watu, kwa sababu alikosea. Apolo, msemaji hodari kutoka Aleksandria, alichukuliwa kando na Prisila na Akila, mke na mume mafundi wa mahema, wakamweleza njia vizuri zaidi, naye akakubali. Huo ndio utume: unakaguliwa, unapingwa, unafundishwa na mama fundi, na heshima haipungui. Kanisa lisilo na Prisila wa kumvuta Apolo kando si la kitume, hata likiandika Mitume kwenye bango kwa taa za rangi.

Kwa hivyo Jumapili ijayo, mhubiri akisimama na Matendo 4:13, mwachie amalize. Kisha mwombe asome 4:13 nyingine, ya Waraka wa Pili kwa Timotheo. Hapo yuko mtume mzee, amefungwa, wenzake wengi wameondoka na mmoja tu ndiye amebaki, majira ya baridi yanakaribia na kifo pia. Anamwandikia kijana wake aje upesi, na amletee vitu. Hakutaja sadaka. Anataka joho lake alilomwachia Karpo huko Troa, maana kuna baridi. Na anataka vitabu, hasa vile vya ngozi.

Mtu anayengoja kuuawa, na bado ana kitu cha kusoma. Muulize mhubiri wako kama huyo naye hakusoma.